Umeme wa Bibi na Pasi Zangu

Ghorofa ya juu kabisa,
Mlango usio na kitasa.
Jumatatu jioni.

Mpendwa Shangazi,

Ndiyo, ni kweli. Kodi ya hapa ina kila kitu ndani yake: maji, umeme, kuzolewa taka, mpaka taa ya ngazini. Nalipa mara moja kwa mwezi, halafu nawasha na kufungulia nitakavyo. Jana uliponiuliza kwenye simu nikacheka, nikageuza maneno, ukadhani mtandao mbovu. Mtandao ulikuwa mzima. Mbovu nilikuwa mimi.

Ona sasa, nimeanza maneno kabla ya salamu. Shikamoo Shangazi. Goti linaendeleaje? Umeacha kupanda kiti kufuta vumbi juu ya kabati, au bado unashindana na vijana? Mimi mwili hauna neno. Nakula, nalala, nimenenepa shingo. Ninachoumwa daktari hana kipimo chake.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nikisikia umeanza kucheka, basi, nakuchekesha mpaka salio linakwisha na jambo lenyewe halijasemwa. Karatasi haicheki. Nampa dereva wa lori la magodoro, keshokutwa utakuwa nayo.

Nilikwambia nimepata kazi ya nguo, ukafurahi, ukajua nimeajiriwa dukani. Shangazi, napiga pasi. Humuhumu chumbani. Siku niliyosikia umeme umo ndani ya kodi, akili yangu ilipiga sarakasi. Nikanunua pasi mbili nzito, nikatandika blanketi mezani, nikazunguka mtaani kukusanya: mashati ya wahudumu wa hoteli, sare za walinzi, suti za wapiga muziki wa harusini. Asubuhi mpaka jioni mvuke tu, ungedhani nachemsha nyumba. Kuna siku Bibi mwenye nyumba, huyo rafiki yako wa tangu mkiuza duka moja, alinikuta ngazini na furushi la suruali begani. Akauliza zote hizo za nani. Nikamwambia, "Bibi, sura Mungu kanipa moja, acha nibadilishe suruali." Akacheka, akanipisha.

Moyoni nikawa najiambia simwibii mtu. Si nalipa kodi?

Sasa mita ya nyumba nzima ni moja na bili inaenda kwa Bibi. Ikapanda. Ikapanda tena. Bibi akamshuku fundi cherehani wa chumba cha chini, kwa sababu cherehani yake ina mota na mlio wake unasikika mpaka barabarani. Pasi haina mlio, Shangazi.

Yule mama akaing'oa mota. Akarudi kukanyaga kwa miguu, na miguu yenyewe inamvimba. Bili haikushuka. Wiki iliyopita nashuka na mashati mkononi, bado yana moto, nikamkuta yeye na Bibi wamesimama ngazini.

"Mota iko kwenye ndoo, Bibi. Njoo uione kwa macho yako."

"Ndoo ina kufuli? Si unaitoa nikilala?"

"Nikuapie kwa nini ndiyo uniamini?"

"Usiniapie, mama. Mwisho wa mwezi utafute pengine."

Na mimi mwanao, kwa mdomo huuhuu, nikasema, "Labda ni panya, Bibi, wananyoosha mikia." Bibi akacheka. Fundi hakucheka. Aliyatazama yale mashati, akanusa, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Haya," akaingia ndani kwake. Hakunitaja. Mama huyu alinishonea mfuko wa suruali bure, kwa kuwa eti namchangamsha.

Tangu saa ile pasi ziko chini ya kitanda. Nikadhani nimetengeneza, kumbe nimeharibu zaidi. Bili itashuka fundi akiwa ameshahama, na nyumba nzima watasema, mnaona, si alikuwa yeye?

Nimejaribu kusema. Juzi nilibisha kwa Bibi nikamwambia, "Mwizi wa umeme ni mimi." Akacheka mpaka akashika ubavu, akanimiminia chai. "Kidomo, wewe utaniua." Nami nikacheka naye, nikanywa chai yote. 

Na uso wangu siwezi kukuonyesha wewe. Chumba hiki sikupewa kwa uzuri wangu. Bibi alisema mtoto wa kaka yako hamuulizi kitu. Nimelitandika jina lako chini ya pasi, Shangazi, na limeungua.

Nisalimie baba. Nisalimie na mjomba fundi viatu, mwambie vile alivyonitengenezea bado vina heshima kuliko aliyevivaa. Mungu alipe goti lako nguvu na akuweke.

Sasa tupatane. Jumamosi asubuhi nitamwomba fundi tuende wote wawili kwa Bibi. Nitakupigia, simu nitaiweka mezani, sauti wazi. Wewe nyamaza. Nikianza mzaha, kohoa. Bibi akicheka, mwambie neno moja tu: kweli. Usiniombee chumba. Kama kuna wa kuhama, ni mimi na pasi zangu. Kwa upande wangu natoa hiki: ukishakata simu, ruksa umsimulie baba na ukoo mzima, kwa sauti yoyote uitakayo, na yeyote atakayenisimanga sitamkatiza wala kumjibu kwa utani. Ukikubali, nibipu Ijumaa.

Ni mimi nikupendaye, hata ukiwa umeninunia,

Kidomo