Mbuzi Wale Hawakuwa Mahari

Yaya Masika, dada yangu mkubwa,

Nimeomba barua hii isomwe redioni, kwa sababu sijui uko wapi, na redio hufika hata msituni ambako miguu yetu haifiki. Ukinisikia, jua ni mimi Kavira, mdogo wako uliyekuwa ukimsuka nywele huku ukimfinya shingo atulie.

Unakumbuka asubuhi ulipoondoka? Butembo ilikuwa baridi ya kuuma masikio, nawe ukavua triko lako la sufu, lile la bluu, ukanivika. "Beni kuko joto," ukasema, "miye nitafanya nalo nini?" Ulipanda lori ukicheka. Mama alikuwa ameshakufunga mkanda wa kitenge na kukuonya usijibizane na mama mkwe. Yule mfanyabiashara aliyekuja kukuposa alisema anatafuta mke wa kumwoza mdogo wake, kijana wa shamba la kakao huko Mangina, ambaye barabara na vita vilimzuia kuja mwenyewe. Alileta mbuzi wawili wa kwanza wa mahari, jike na dume. Sisi Wanande tunajua, mbuzi wakishapokelewa, mtoto ni wa waliowaleta. Baba aliwafunga nyuma ya jiko, ila hakuwachinja. Alitaka kwanza muoaji aje, waketi na kuwala pamoja.

Muoaji hakuja. Wala habari yako haikuja. Baba aliyejua kunyamazisha wanywaji wote wa kasikisi, pombe yetu ya ndizi, kwa utani wake, akanyamaza yeye. Jina lako likawa halitajwi nyumbani. Mimi nilimkasirikia sana, nikadhani amekusahau.

Kisha akarudi Jeannine, binti wa jirani zetu wa mtaa wa chini, aliyechukuliwa na mtu yuleyule. Alikonda hata mama yake alimtambua kwa sauti. Akatuambia hapakuwa na shamba la kakao wala kijana. Mlipelekwa kwenye machimbo ya dhahabu, mkabeba mchanga, mkapikia wanaume wenye silaha, na mengine ambayo sitayasema redioni. Siku risasi zilipolia na walinzi wakatawanyika, Jeannine alikushika mkono mkimbie. Wewe ukautoa mkono wako.

"Weye kimbia," ulimwambia. "Miye papa alishakula mbuzi yao. Nikirudia nitamuletea haya mbele ya watu."

Yaya, hayo maneno yamenivunja moyo kuliko yote niliyoyaona katika vita hivi.

Yule mtu alipokamatwa, tulishuka Beni mahakamani, baba na Jeannine na mimi, nami nikavaa triko lako katika joto lote lile. Jaji alikuwa mtu wa Kasai, mbali na kwetu, mfupi, mwenye kufuta miwani kila mara. Pembeni yake waliketi wazee wawili wa kwetu, wajuzi wa mila, wa kuhukumu pamoja naye. Mshtakiwa akajitetea kwa neno moja tu: ndoa. Mzee mmoja akatikisa kichwa kumkubalia.

"Président, kwetu papa akishapokea mbuzi, binti ameolewa," akamwambia jaji. "Tunahukumu nini tena?"

Nilimtazama baba. Alikuwa ameinamisha kichwa kama ndiye mshtakiwa.

Jaji hakukasirika. Aliwageukia wale wazee, akawaeleza polepole, kama mwalimu anayependa kazi yake.

"Bazee, sheria inatuuliza mambo tatu. Ya kwanza, mutu alitolewa kwao, akapelekwa? Ndiyo, hata mushitakiwa mwenyewe anakubali. Ya pili, na njia gani? Nguvu, vitisho, ao bongo, kudanganya mutu? Ya tatu, juu ya nini? Ikiwa juu ya kumutumikisha kama mutumwa, basi ile tatu iko pamoja, na kosa iko."

"Mais lakini binti alipanda lori na kicheko," mzee akasema. "Na papa yake alikubali."

"Balikubali nini, mzee? Balikubali bwana-arusi." Jaji akamgeukia mshtakiwa. "Mudogo yako, ule muoaji, anaitwa nani? Anaishi wapi? Umulete tumuone."

Yule mtu akataja jina moja, akalikana, akataja lingine.

"Munaona," jaji akawaambia wazee. "Mutu akidanganywa, ile ndiyo yake haiko ndiyo. Na mbuzi bila muoaji hapana mahari. Ni kamba ya kufungia mutoto ya mutu."

Mzee yule akasema kwa Kinande, kama anayejisemea, kwamba hata mababu wasingeita ile ndoa.

Hapo baba akasimama bila kuitwa.

"Muheshimiwa, donc basi, miye hapana kuuzisha Masika?"

"Hapana, papa," jaji akamjibu. "Balikuibia."

Yaya, baba yetu alilia mbele ya watu wote. Ndipo nilipojua kwamba hakuwa amekusahau. Miaka yote ile uongo uleule uliokufunga wewe machimboni ulimfunga na yeye nyumbani. Tuliporudi alikutaja njia nzima hadi Butembo, Masika hivi, Masika vile, na abiria wa lori wakatuvumilia.

Yule mtu alihukumiwa. Vita vilipopita Beni tena, gereza likafunguliwa, akatoweka. Kwa hiyo hukumu ile haina tena wa kumfunga. Imebaki ya kukufungua wewe tu, ndiyo maana nakuandikia.

Huenda umeshakufa. Mama hataki niseme neno hilo, lakini nalisema, maana nimechoka kulilia ndani. Ila kama unapumua, nisikilize: baba hakula. Wale mbuzi wamezeeka nyuma ya jiko, wamepata hadi wajukuu, na hakuna aliyeonja hata mfupa. Kila Krismasi tunakula maharage na sombe ya majani ya muhogo, majirani wanatucheka, baba anawaambia mwenye mbuzi ni Masika, naye hajafika.

Triko lako halinitoshi tena. Nimelikunja, linakusubiri.

Ni mimi mdogo wako uliyemfinya shingo,
Kavira