Vidude Viwili vya Kuonyesha Njia

Jumanne

Na mimi domo langu! Asubuhi nilimwambia meneja wa hoteli kwamba gari letu halihitaji kidude cha kuonyesha njia, watu wa kuuliza wapo. Akanipa viwili, kikubwa na kidogo, nichague kimoja.

Nikaenda navyo Kinondo kumchukua mgeni. Vyote vilielekeza mshale katikati ya msitu mtakatifu wa kaya, ambamo hata kuokota kuni ni mwiko. Nipitishe gari humo? Astaghfirullah! Nikavizima, nikamwamkia bibi mmoja njiani na kumwuliza.

"Marahaba, mwanangu. Ni hapo mbele tu," akasema, akapanda anionyeshe.

Hapo mbele tu ikawa Msambweni, mbali kupita Kinondo, kwa binti yake. Na mgeni wangu kule Kinondo, amekalia sanduku lake...

Nimechagua kile kidogo. Angalau chenyewe hakina binti Msambweni.