Watoto wa Kuazima

Bariadi, 6 Aprili 2024

Kwako kaka Method,

Mwangaluka kaka. Mimi mwili haujambo, ila usingizi ndio umenikimbia. Mama anaendeleaje na magoti yake? Pamba imeshika vitumba, au mvua imewaharibia? Wasalimie wote, hadi yule jogoo wako mkorofi.

Naandika kwa sababu simu yako unaipokea kwa spika na nusu ya Bukundi inasikia. Kaka, shule yetu ya riadha inakufa. Paa la bweni la wavulana limeezuliwa na upepo, walimu wanaondoka, na wazazi wanakuja kuchukua watoto wao mmoja mmoja. Mwalimu Anatoli, mwenye shule, anashinda uwanjani akiwapulizia filimbi hao wachache, kama kuku waliobakizwa na kideri. Mwisho wa mwezi wanakuja wageni kutoka Arusha, wa taasisi inayosaidia wakimbiaji. Wakikuta uwanja umejaa, watatushika mkono. Wakiukuta ulivyo sasa, tutafunga, na mimi mlezi wa bweni sitakuwa na bweni.

Nakuomba binti yako Kija na wenzake anaochunga nao, kwa siku moja tu. Sare nitawapa mimi. Wewe unajua kubilisa: ukiweka ng'ombe wako kwenye zizi la jirani, anayepita njiani anaona jirani ana mali. Nibilisie watoto, kaka. Hakuna atakayeumia.

Mdogo wako,
Flora

---

Bukundi, 14 Aprili 2024

Mdogo wangu Flora,

Mwadila. Sisi wazima. Mama magoti yanauma lakini mdomo mzima, amekutukana kidogo kwa kutokuja Pasaka. Pamba inakwenda vizuri.

Barua yako nimeisoma na sikuipenda. Kubilisa ni kwa ng'ombe, na ng'ombe hajali yuko zizi la nani. Mtoto anajali. Lakini wewe ndiye uliyenilelea Kija mama yake alipofariki, siwezi kukunyima kitu. Nitawapandisha basi wote.

Kuna shida moja. Kija ameelewa kwamba ameitwa shuleni. Amewaaga wenzake wa darasa la saba, amefua nguo zake zote, na kila jioni anakimbia hadi lambo na kurudi. Nilifungua mdomo nimwambie ni siku moja, nikaufunga. Mwambie wewe, una maneno laini.

Kaka yako,
Method

---

Bariadi, 29 Aprili 2024

Kaka yangu,

Mwangaluka. Natumaini hamjambo, na mama amepunguza matusi.

Kaka, Kija! Mita elfu tatu, pekupeku, sare inamvuka mabegani. Alikimbia kana kwamba ng'ombe wameingia kwenye mahindi ya mtu. Wasichana wa hapa, waliofundishwa miaka, waliishia kuona visigino vyake. Wageni wakasimama. Mama mmoja kati yao akamshika mkono, akasema watarudi na viatu vyake. Mwalimu Anatoli alilia mbele za watu, na mimi nikalia.

Wenzake nimeshawarudisha. Kija nimebaki naye kidogo, ili wageni wakirudi wamkute. Aliniuliza, "Shangazi, kitanda hiki ni changu?" Nikasema ndiyo, akimaliza la saba atasoma hapa. Ningesema nini, na mtoto anapapasa shuka vile? Nitamweleza wageni wakishatoa jibu. Usinikasirikie.

Mdogo wako,
Flora

---

Bukundi, 2 Juni 2024

Flora,

Mwadila. Ya afya nitauliza siku nyingine.

Mwezi umepita na wewe kimya. Mwalimu wa darasa la saba amenifuata hadi zizini kuniuliza Kija yuko wapi, maana mtihani ni Septemba. Nimemwambia anamuuguza shangazi yake. Kwa hiyo sasa mimi nimekuwa mwongo na wewe umekuwa mgonjwa.

Mrudishe mtoto.

Kaka yako,
Method

---

Bariadi, 23 Juni 2024

Kaka Method,

Mwangaluka. Kija ameshafika, najua. Najua pia hajasema kitu, ndiyo maana naandika.

Barua yako niliipata. Nikasema, wiki moja tu, wageni watarudi. Na kweli Jumanne walirudi, na viatu. Yule mama alipiga magoti akamvalisha mwenyewe, akamuuliza yuko kidato cha ngapi. Kija akasema, "Niko la saba, Bukundi. Shangazi kasema nikimaliza nitasoma hapa." Yule mama akauliza, na wenzako tuliowaona siku ile? "Walirudi kuchunga." Alijibu kwa adabu, mikono nyuma. Hakuna aliyemwambia adanganye, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba sisi tunadanganya.

Wageni hawakugomba. Waliaga, wakaondoka. Viatu walimwachia, yeye akavivua akaviweka mlangoni pa ofisi. Mwalimu Anatoli akakusanya watoto, akawatangazia kwamba shule inafungwa. Kisha akamwangalia Kija. "Huyu ameifunga kwa mdomo wake." Wote wakageuka. Mimi nilikuwa palepale, kaka, na mwiko mkononi. Nikaendelea kusonga ugali.

Njia nzima ya kwenda stendi alikuwa ananiambia, "Shangazi nisamehe, sikujua." Nikamjibu, "Yameisha, mwanangu." Umesikia? Nilimsamehe! Mimi, nikamsamehe yeye. Tangu hapo naona aibu hata kusali.

Msomee barua hii. Mwambie shule ilikuwa inakufa kabla hajafika, na uongo ulikuwa wangu.

Mdogo wako,
Flora

---

Bukundi, 9 Julai 2024

Mdogo wangu Flora,

Mwadila. Mama anakusalimu, safari hii bila matusi. Tunavuna pamba, migongo imekatika.

Kija amerudi darasani. Nilimpeleka mwenyewe. Mwalimu akamuuliza, shangazi amepona? Kija akaniangalia mimi kwanza. Halafu akasema, "Bado." Sijawahi kumsikia mwanangu akisema uongo kabla ya siku hiyo, na aliyemfundisha ni mimi. Nilirudi nyumbani nimeinamisha kichwa.

Hakimbii tena. Ng'ombe wakiingia shamba la watu anawafuata kwa kutembea, na wenye mashamba wanakuja kunigombeza mimi. Nawaacha wanigombeze.

Barua yako sijamsomea. Niliishika nikamwita, akaja akakaa, nikashindwa. Nikiisoma mimi, ataona namsema vibaya shangazi yake, naye atakutetea. Kila siku ananiuliza utakuja lini. Anataka akuombe radhi upya. Anasema ile ya stendi ilikuwa ya haraka, hukuisikia vizuri.

Njoo, Flora. Na mimi nina langu la kumwambia, lakini lako litangulie.

Kaka yako,
Method

---

Bariadi, 15 Julai 2024

Kaka yangu,

Mwangaluka. Mimi mzima, kama huku ni kuwa mzima.

Nimeshakabidhi funguo za bweni. Wiki ijayo nipo njiani kuja huko.

Kija usimwambie. Akijua, atajiandaa. Atanipokea kwa kupiga magoti, radhi zake ziko mdomoni, na mimi ninavyojijua, nitazipokea tena. Nataka nimkute hajapanga neno lolote, ili niseme mimi kwanza.

Shangazi yake,
Flora