Jino la Zuhura Ndani ya Fuvu la Tembo

Jumapili. Jua kali tangu asubuhi, na mimi nimeamka sina hamu na mtu.

Jana tuligombana tena na Baba Zuhura, ugomvi wetu ule ule. Anataka nipande mbaazi nyuma ya nyumba. Nikamjibu kwamba mtu hapandi mbaazi kambini. Hiki kijiji kipya cha ujamaa nakiita kambi tangu siku lori lilipotushusha hapa kutoka Vidunda mwaka jana, na furushi la vyombo vyangu vya harusi halijafunguliwa mpaka leo. Watoto nawaambia tutarudi kwetu mlimani. Yeye hapendi niwaambie hivyo.

Basi leo, ili tupatane, akatupeleka Mikumi kutazama makumbusho ya wanyama. Tukapanda tela la trekta ya kijiji.

Heri ningebaki nikafua.

Makumbusho yenyewe ni vyumba viwili: mafuvu, mifupa, ngozi zilizotundikwa, ndege waliojazwa pamba. Tulipofika mlangoni Zuhura, binti yangu wa miaka sita, alikuwa anamalizia kipande cha muwa. Jino lake la mbele lilikuwa linachezacheza siku ya nne sasa, likang'oka na huo muwa. Akalifumbata kiganjani, akaingia anacheka. Ndipo akaona rafu nzima ya mijusi ndani ya chupa zenye dawa ya kuzuia kuoza.

Kila mtoto wa huku anajua kwamba mjusi akiliona pengo lako, jino jipya halioti. Kwamba mijusi hawa wamekufa siku nyingi, hilo Zuhura hakulijali. Akafumba mdomo.

Mzee anayelinda pale akaja kutukaribisha. Baba Zuhura akamwamkia, nami nikamwamkia, tukamngoja Zuhura. Kimya. Nikamfinya. Kimya.

"Huyu hajafundishwa shikamoo?" mzee akaniuliza. Aliniuliza mimi, siyo baba yake.

Nilitamani ardhi ipasuke. Baba yake alikuwa ameshaanza kusoma kila kibao kwa sauti kama msoma taarifa ya habari, hana habari na mtu.

Mara Zuhura akaanza kulia, mdomo umefumbwa, sauti inatokea puani, kidole kwenye fuvu la tembo. Nikadhani analiogopa. Nikambeba nimtoe nje, akanipiga mateke. Nikamrudisha, akalia zaidi. Nilichelewa kuona kwamba kila akitaka kusema anatupa jicho kwenye zile chupa. Nikavua mtandio wangu, nikaifunika rafu.

"Juma katumbukiza jino langu humo," akasema. "Nilimpa anishikie."

Juma ni mdogo wake, ana miaka mitatu. Ni nani anampa Juma kitu amshikie?

Fuvu la tembo si chungu, kwamba mtu mmoja ataliinamisha. Baba Zuhura na yule mzee walilishika huku na huku, wakaliinua, wakalitikisa. Likatoka vumbi, mende mmoja, na maganda ya karanga. Nje dereva wa trekta akapiga honi. Nikasema tuliache, ni jino la utoto tu. Zuhura akanitazama kama nimesema tumwache Juma. Honi ikapigwa tena. Jino lilipoanguka, trekta ilikuwa imeshaondoka.

Tukarudi kwa miguu, Juma mgongoni kwangu. Nilikuwa namnung'unikia baba yao njia nzima, na nilikuwa bado sijamaliza Zuhura alipouliza, "Baba, hili tunalitupa juu ya paa la wapi?"

"La kwetu. Jino hutupwa juu ya paa la kwenu, ndipo jipya linaota."

"Kwetu si Vidunda? Mama anasema hapa ni kambi." Akafikiri kidogo. "Basi nitalitunza mpaka turudi."

Baba Zuhura akaongeza mwendo. Angesema, ningepata wa kugombana naye.

Paa la Vidunda halipo. Siku tuliyohamishwa liliezuliwa, niliona kwa macho yangu kutoka juu ya lori, na watoto walikuwa wamelala mapajani pangu. Sikuwaambia. Mwaka mzima nimekuwa nawaahidi nyumba isiyo na paa.

Tulipofika, Zuhura akaniomba kitambaa cha kufungia jino lake. Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka moto, na uongo nao umenichosha.

"Zuhura, kule hakuna paa tena. Liliezuliwa siku ile tulipoondoka. Litupe hapa."

"Hapa ndiyo kwetu?"

Baba yake alikuwa ananawa miguu. Akaacha kumimina maji.

"Hapa ndiyo kwetu," nikasema. Nilisema kwa hasira, maana kwa upole nisingeweza.

Akalitupa. Likagonga ukutani, likarudi miguuni pake. Akalirusha tena kwa nguvu zake zote, likabaki juu kwenye nyasi za paa.

Kisha akaniuliza kama sasa aache kuwaambia wenzake kwamba tutarudi.

Nikamwambia aache.

Naandika haya huku maji ya ugali yakiwa motoni. Nimelia kidogo, moshi umenisaidia kusingizia. Baba Zuhura yuko mlangoni, anajifanya anatazama paa, na hilo linaniudhi kuliko maneno. Kesho nitalifungua lile furushi. Akithubutu kutabasamu, nalifunga tena.