Baba Elia, Usukani Umetulia

Baba Elia,

Pikipiki yako bado ipo. Najua ungeiulizia hiyo kabla ya ng'ombe, pengine hata kabla ya kuuliza mimi naendeleaje, kwa hiyo nimeanza nayo. Ipo, inawaka, na siku hizi naiendesha mimi.

Ulipotuacha tuliifunika turubai ikakaa kando ya ghala la mtama kiangazi chote. Elia alikuja kutoka Singida mjini, akaizunguka, akaigusa gurudumu kwa kiatu. "Mama, hiki ni chuma chakavu," akasema. "Nimempata mtu anayependa pikipiki za zamani, yuko tayari kuichukua." Unamjua mwanao. Akishaamua jambo yeye, anaona tumeamua wote. Nikamwambia aniache nifikirie mpaka mvua zianze.

Mvua zilipoanza, Dada Yunisi alipata kiharusi kule kwake Nduguti. Mkono wa kulia na mguu wa kulia vililegea, na maneno yanatoka kwa kuburuta. Anakaa na mkwe wake, binti mzuri tu, lakini ana mtoto mchanga mgongoni na hawezi kila kitu. Gari la kutoka huku Ulemo kwenda kule halina uhakika, leo lipo, kesho hamna. Nikasema, pikipiki ninayo, na kuendesha najua.

Unakumbuka msimu ule ulipovunjika mguu na chanjo za ng'ombe hazikuweza kusubiri? Ulinifundisha kwenye uwanja wa shule, watoto wamejipanga wanacheka, wewe umekaa kwenye kiti na plasta yako unapaza sauti: "Achia klachi taratibu, Mama Elia. Taratibu." Kisha nikakubeba na sanduku lako la dawa, boma kwa boma, wazee wakishindwa kujua wamsalimie nani kwanza. Siku hizo pikipiki ilikuwa bado na nguvu zake. Sikukumbuka kwamba na yenyewe imezeeka pamoja nasi.

Safari ya kwanza nilifika Nduguti salama. Nilizima injini, nikashuka, lakini mikono ilikuwa bado inaendelea na safari. Vidole vimekufa ganzi, viganja vinawasha kama vina siafu. Nilikuwa nimepanga kumsuka Dada, maana nywele zake zilikuwa zimefungamana kwa kulala. Nikamkalisha, nikashika kitana. Kikanidondoka. Nikakiokota, kikadondoka tena. Dada akageuza shingo, akanitazama.

"Naomi, mgonjwa ni mimi. Wewe unatetemeka nini?"

Nikamwambia ni pikipiki, usukani unatetemesha mikono. Akacheka kwa upande ule wa mdomo ulio mzima.

"Mumeo naye alikuwa hivyo hivyo."

Ndipo akanisimulia. Kwamba kila ulipopita kwake kwenye kazi zako za mifugo, ulikaa kwanza kwenye mkeka mikono imelala mapajani, ukisubiri irudi. Kwamba uliomba chai nusu kikombe ili isimwagike. "Alinikataza nisikwambie," akasema. "Alisema, shemeji, mke wangu akijua, pikipiki itauzwa."

Nilicheka naye. Kisha nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Miaka yote ile ulikuwa unarudi jioni unatumbukiza mikono kwenye beseni la maji ya moto, nikikuuliza unasema ni baridi. Mimi nikachemsha maji, kila jioni, nikiamini ni baridi. Nilikukasirikia, Baba Elia. Sitakuficha. Nilikaa pale nimemkasirikia mtu ambaye nimeshamzika, na hasira ya namna hiyo haina pa kwenda. Nilifuta uso kwa kanga, nikarudi ndani nikamlisha Dada uji, kijiko nimekishika kwa mikono miwili.

Siku hiyo hiyo nilimtafuta fundi Shabani, yule wa karibu na soko. Alinipa shikamoo, akainama, akaushika usukani na kuutikisa mbele na nyuma. Akaweka kiganja kwenye injini inaunguruma. "Mama, hii haijachoka," akasema. "Imelegea." Bolti zinazoikamata injini zilikuwa zimelika shingoni, akaweka nyingine. Na zile raba ndogo zinazokaa chini ya usukani zilikuwa zimekauka kama pembe ya ng'ombe, hazizuii kitu tena. Za pikipiki ya umri ule hazipatikani, akachonga nyingine kutoka kwenye mpira laini aliokuwa nao.

Njiani kurudi mikono ilipumzika. Nilianza hata kuimba. Halafu nikafika penye mchanga, pale barabara inaposhuka korongoni, nikageuza usukani na usukani ukachelewa. Nageuka mimi kwanza, wenyewe unanifuata nyuma. Tairi likateleza, nikaweka miguu yote chini, tukasimama ukingoni kabisa. Nikaisukuma mpaka ng'ambo.

Nyumbani niliifunika turubai lake. Nikampigia Elia, nikamwambia mtu wake anaweza kuja.

"Sawa, Mama," akasema. Nilidhani atafurahi. Hakufurahi, na mimi sikumuuliza.

Siku mbili tatu baadaye simu ikaita, Dada Yunisi mwenyewe, ameshikiwa simu sikioni. Ilimchukua muda kuyatoa maneno. "Jumamosi unakuja?" Nikaanza kumweleza habari za korongo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mkwe wangu alitaka kunisuka. Nimemwambia ninaye wa kunisuka."

Jumamosi nilikwenda, polepole, penye mchanga nikisukuma. Nilianzia kwa Shabani. Alinisikiliza akikuna kidevu. "Nililainisha mno, mama. Nisamehe." Safari hii alichonga raba kutoka tairi la lori, ngumu kidogo, akazikaza huku akiujaribu usukani kila mara. Kisha akachukua vipande vifupi vya nondo, akavizungushia mpira wa tyubu, akavisukuma ndani ya ncha za usukani, kulia na kushoto. Akasema uzito ule unaumeza mtetemo kabla haujafika mkononi. Akavalisha mipira minene ya kushikia. Mwisho akanifundisha nisiung'ang'anie usukani, niushike tu kwa vidole vilivyolegea.

Niliizunguka barabara yote ya Nduguti nikiijaribu pikipiki, mpaka watu wa ofisi zilizo kando ya barabara wakatoka kuniangalia. Nilipogeuza, iligeuka. Nisikudanganye kwamba mtetemo umeisha, ukiikimbiza kwenye mteremko bado unausikia, lakini kwa mbali. Nilifika kwa Dada nikanawa, nikakaa nyuma yake nikamsuka mistari, tangu paji la uso hadi kisogoni, na hakuna kilichonidondoka. Katikati alisinzia, kichwa kwenye goti langu, nikamalizia akiwa amelala.

Elia alikuja Jumapili baada ya ibada. Mtu wake alikuwa njiani. Nikampa ufunguo, nikamwambia, "Iendeshe kwanza." Alipiga kiki, akaenda mpaka barabara kuu, akarudi. Hakuzima. Alikaa juu yake injini ikiwaka, anaiangalia mikono yake.

"Baba aliwahi kuiendesha ikiwa imetulia hivi?"

"Hapana," nikamwambia. "Hakuwahi."

Kisha akazima, akatoa simu, akamwambia yule mtu asisumbuke kuja. Akaingia jikoni, akanisaidia kubeba vyombo, jambo ambalo alikuwa hajalifanya tangu akiwa shule ya msingi. Macho yalikuwa mekundu. Anafanana na wewe mno.

Kwa hiyo ndivyo tulivyo. Hasira zangu zimekwisha, usiwe na wasiwasi. Bado ningependa ungeniambia. Tungemtafuta Shabani pamoja, ungekunywa kikombe kizima.

Pumzika, Baba Elia. Ng'ombe wanatoa maziwa, mtama umesimama vizuri, na Jumamosi nakwenda kwa Dada. Ninakuahidi kitu kimoja, na hiki ukishike: mimi nikiumwa, nitasema. Nimeshaanza. Jana nimemwambia Elia kwamba jicho langu la kushoto halioni vizuri, na wiki ijayo ananipeleka hospitali.

Wako,
Mama Elia