Baba Amekuwa Mashine Lini?

Machimboni, Geita
Mwezi wa saba

Kwako Baba Kulwa,

Shikamoo baba. Ningekuwa mlangoni hapo ningeinama nikasema mwangaluka kama ulivyotufundisha, ila Kisukuma changu kikifika kwenye karatasi kinachechemea, kwa hiyo pokea hiki Kiswahili cha shuleni. Najua anayekusomea ni Kabula. Mdogo wangu, soma taratibu na usiruke mahali, hata pale utakapoona kaka yako anaaibika.

Mgongo umekaaje? Mama alimwambia dereva wa lori anayetubebea barua kwamba siku hizi unaamka umeshika kiuno, ukiulizwa unasingizia baridi. Na tumbaku je, mmeshaifunga au bado iko kwenye bani inakaushwa? Dereva hakuweza kunijibu, yeye ushuru wa magunia tu ndio anaukumbuka.

Mimi ni mzima, tena nimenenepa. Nilipokuja mara ya mwisho uliniuliza mbele ya wageni kazi yangu ni ipi hasa, nikababaika kama mtoto aliyevunja chungu. Sasa sibabaiki. Mimi ni dijei, na natengeneza muziki wangu mwenyewe. Hapa machimboni ukimuulizia Shija, kuanzia wachimbaji hadi akina mama wa wali, watakuonyesha ukumbi wa Mama Neema bila kufikiri. Huyo Mama Neema ndiye mwajiri wangu. Ukumbi wake ni wa mabati, una sakafu ya saruji na jenereta nyuma, na Jumapili saa nane mchana unajaa mpaka watu wanachungulia madirishani.

Kazi yenyewe ni hivi. Nina deki mbili za kaseti na kimashine cha kuchanganyia katikati. Wimbo wa kwanza ukikaribia kuisha, wa pili nimeshauanzisha chini kwa chini, nausukuma mpaka mwendo wake ulingane na wa kwanza, ndipo naachia. Deki hizo nilizifungua mwenyewe nikazifungia kitufe cha kuongeza na kupunguza mwendo. Ile miaka minne niliyotia risasi kuunga nyaya za redio mbovu dukani kwa mzee Karim pale Shinyanga, ambayo wewe uliiita miaka ya kukaa kivulini, ndiyo inayonilisha. Madijei wengine wimbo ukiisha wanashika kipaza sauti, wanapiga porojo huku wanatafuta kaseti, na watu wanarudi kukaa. Ukumbi wangu haunyamazi. Wanadhani nimejifunza Dar.

Nimejifunza kwako, baba. Nakumbuka watu thelathini wamejipanga shambani, majembe juu, na wewe pembeni na ngoma yako ya bugobogobo. Hukuiacha inyamaze jembe likiwa hewani hata siku moja. Kaka Kulwa alipoacha kupiga ili ajikune, ulimfokea kwamba watu wameshakumbuka migongo yao. Mimi kila nikiwa kwenye deki zangu namsikia Kulwa akifokewa.

Sasa nafika pagumu. Kabula, soma.

Baba, nilikuibia. Ile palizi niliyokuja nyumbani, mlipolima shamba la mwalimu, nilikaa ukingoni na kikapu cha karanga. Chini ya karanga kulikuwa na redio kaseti, nayo ilikuwa inarekodi. Nilijua kabisa hutaki. Nilikuwepo ulipomfukuza yule bwana aliyekuja na gari na vinasa sauti, ukamwambia ngoma yako inapigwa penye jembe, na pasipo jembe ni makelele. Nilijua, na nikabonyeza.

Mkanda ule nilikaa nao bila kujua nitaufanyia nini, mpaka mzee Karim aliponiuzia kinanda kidogo cha umeme. Kinameza sauti ya sekunde mbili tatu, na ukibonyeza kinaitoa tena na tena bila kuchoka. Huku vijana wanapenda mdundo wa Ulaya, ule usio na mwimbaji, unaokwenda tu. Nikasema na sisi tuna wa kwetu. Nikasikiliza mkanda wako wote, nikakata kipande kilichonisisimua kuliko vyote, nikakilisha kinanda, juu yake nikaweka besi na makofi ya mashine. Jumapili nikaupiga.

Mwanzo ukumbi ulilipuka. Halafu nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona. Watu wazima wa kwetu, wa Ushetu na Kahama na Bukombe, wakasimama ghafla. Wakanyoosha migongo, wakajifuta jasho, wakaanza kutembea kuelekea mlangoni penye kivuli. Wahaya na Wakurya wakawa wanagongana nao. Walioanza kucheza upya, kipande kikirudi, wanasimama tena. Nikaongeza sauti, wakazidi kutoka. Mama Neema akaja mbio kuuliza kama moshi wa jenereta umeingia ndani.

Akaja mezani kwangu mzee Nkwabi. Utamkumbuka, aliwahi kulima kwenye kundi lako kabla hajaja kuchimba. Alikuwa anacheka hadi machozi. Akaniambia, "Shija, mbona unatuita kula kila tukiinua mguu?"

Nilikuwa nimekata ule mlio wa kuweka majembe chini, wa kuwaambia watu uji umefika. Mimi, mtoto wa mpiga ngoma! Na nimejua kwa nini niliuona mtamu kuliko yote. Tangu mdogo, kila nilipousikia nilikuwa nakimbilia uji. Cheka, baba. Nami nilicheka, ila siku ya pili yake.

Nkwabi alikaa nami michana mitatu mfululizo, akanionyesha mlio wa kuinua ni upi, wa kugeuza mstari ni upi, na ule wa kuwatia wazimu mkibakiza hatua chache kufika mwisho wa shamba. Nikakata upya. Na kwa kuwa mashine haina akili ya kuharakisha, nikawa naongeza mwendo kwa mkono, kidogo kidogo, kama unavyofanya wewe. Jumapili iliyofuata, baba, walijipanga mstari. Sikuwaambia. Walijipanga wenyewe, mikono juu bila jembe, wakashuka nayo pamoja mpaka mabati yakatikisika, na hao Wahaya na Wakurya wakaingia kwenye mstari wasijue ni wa nini. Nkwabi alikuwa katikati yao analia waziwazi. Niliona fahari ambayo siwezi kuificha hata kwenye barua ya kuomba msamaha.

Siku hiyo alikuwepo bwana mmoja wa Mwanza anayetoa kaseti na kuzisambaza madukani. Akautaka wimbo palepale. Akauliza, ngoma hiyo kapiga nani? Nikamjibu ni mashine.

Ndivyo nilivyosema. Niliogopa akisikia kuna mzee huko Ushetu atasema twende tukamuulize, na mimi nilijua utajibu nini. Nkwabi alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba yako amekuwa mashine lini?" Akaondoka, na hajanisalimia mpaka leo. Ningeweza kuvumilia kununiwa na machimbo mazima, lakini lile swali nalala nalo na kuamka nalo.

Kesho yake nilimfuata yule bwana nyumba ya wageni kabla hajapanda gari. Nikamwambia kweli yote, pamoja na kikapu cha karanga. Akasema atarudi mwisho wa mwezi, na bila neno lako hataugusa. Kwa hiyo wimbo umesimama, baba, na uko mkononi mwako.

Sikuombi kwa unyonge. Wimbo ni mzuri, na mimi kwa kazi hii sijaona wa kunishinda kutoka hapa hadi Kagongwa. Nitatengeneza nyimbo nyingine hata ukikataa. Lakini huu ndio niutakao, kwa sababu ndio wa kwanza ambao si wa kuiga mtu. Na kuhusu jembe nina jibu. Wanaonichezea Jumapili, Jumatatu wanashuka shimoni na sululu. Migongo yao inauma kama ya watu wa palizi, na hakuna anayewapigia kitu kule chini. Wamenikopa mlio wako, wanashuka nao mdomoni. Nimewasikia.

Nisalimie mama, umwambie kanga zake nimempa dereva huyu huyu. Wasalimie Kulwa na Dotto, na Kulwa asinune kwa kuwa nimemtaja anajikuna. Bibi aliyetulea mwambieni bado nakula, asihangaike. Mwalimu mwenye shamba naye msalimieni, shamba lake limefika mbali kuliko anavyodhani.

Dereva atawapa redio yenye betri mpya na mkanda mmoja. Upande wa kwanza ni ule niliokuibia. Upande wa pili ni wimbo. Sikubaki na nakala. Kinanda changu kikizimwa kinasahau kila kitu, na jana baada ya kurekodi upande huo wa pili nilikizima kwa mkono wangu.

Kwenye karatasi ya mkanda nimeandika jina langu chini, na juu yake nimeandika "Ngoma imepigwa na", hapo nikaacha wazi. Ukikubali, Kabula aandike jina lako lote, na la babu, kwa herufi kubwa, ampe dereva mkanda aurudishe. Ukikataa, Kabula arekodi kwaya yake juu yake, pande zote mbili, na mimi sitauliza tena.

Ni mimi mwanao,
Shija