Kwenye tivii amelala, yeye anasema amesimama

Mpendwa Bi Zubeda, shikamoo. Naomba unijibu kabla ya Jumamosi maana Jumamosi mshenga anakuja kusikiliza kesi yetu na mie sijui nikitoka hapo nitakuwa bado mke wa mtu, ila nakuomba sana usinitaje jina kwa sababu huku Goba gazeti lako tunalisoma wote, na nyumbani kwetu anayelisoma kwa sauti ni mama mkwe wangu.

Mume wangu Audax alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi, ya mpwa wake, na yeye akishakuwa mwenyekiti basi hana mke, mie nimeshona gauni la kitenge na kipande kilichobaki nikamshonea yeye tai ili tukae sare, nimekaa meza ya mbele nimejipamba, kila nikimwita tupige picha ananiambia ngoja kwanza nimalizane na watu wa chakula, ngoja kwanza nimalizane na watu wa muziki, mpaka keki ikakatwa, mpaka wanja ukanitoka, picha hatukupiga. Nikanyamaza, mie sio mtu wa kulalamika.

Jumapili tumetoka kanisani, mpiga picha anaitwa Gaspar akatuletea flashi, tukaichomeka kwenye tivii sebuleni, yupo mama mkwe, wapo majirani, soda zimeshafunguliwa. Picha za watu mezani zikapita vizuri. Ikaja ya paroko anabariki, amelala na maiki yake mkononi, tukacheka tukasema huyu Gaspar ana ufundi wa kisasa, ikaja keki nayo imelala ubavu na haianguki, tukasema ufundi huo. Halafu ikaja ya mume wangu.

Amelala chali, Bi Zubeda, juu ya shuka jeupe la satini lililomwagiwa maua ya waridi, na vitaa vidogovidogo vinawaka humo humo kitandani, sijui umeme waliuchomeka wapi, na sambamba naye amelala Vaileth, yule dada aliyepamba ukumbi, wote wanacheka, na mume wangu amevaa viatu, viatu vya nje, mtu ambaye kwangu hathubutu kukaa kitandani hata na suruali aliyopandia bodaboda. Na ile tai ya kitenge changu ipo shingoni, imenyooka kama imepigwa pasi. Mkononi ana glasi ya juisi ya ukwaju, na juisi yenyewe imeng'ang'ania upande mmoja wa glasi haimwagiki, hapo nikajua na dawa ipo. Mama mkwe akasema, "Waitu, jamani, Audax wangu halalagi na viatu," kama vile viatu ndiyo vilikuwa tatizo.

Nikachukua simu nikaipiga ile tivii picha iwe ushahidi. Audax alikuwa nje anaaga wageni, aliporudi nikamwonyesha, na yeye badala ya kuomba msamaha kama wanaume wengine akaniangalia machoni akasema, "Mke wangu, hapo tumesimama."

Nikamuuliza, "Amesimama nani?"

Akatoa simu yake, akasema Gaspar alimtumia picha hiyo hiyo, na kweli kwenye simu yake wamesimama, yaani mtu amelala kwenye tivii halafu kwenye simu amejisimamisha, hapo ndipo nilipoona kwamba huyu mwanaume ameshajiandaa siku nyingi na picha ya uongo ameitengenezesha. Nikakusanya nguo nikaenda kwa dada yangu Mwananyamala. Dada akasema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Tukaichunguza simu yangu usiku na mchana, tukiigeuza simu na picha inageuka, tukiirudisha inarudi, vyovyote utakavyoishika mume wangu bado amelala, hata kwenye picha ni mbishi. Nikaipeleka steshenari waichape kubwa nimwonyeshe mshenga, Mzee Ansbert, dada wa pale akaniuliza, "Hii niizungushe?" nikamwambia usichezee ushahidi.

Sasa Bi Zubeda, niachane naye, au nisubiri akiri mwenyewe? Nampenda, ila macho ninayo.

Mwenye Macho, Goba

BI ZUBEDA ANAJIBU

Marahaba, Mwenye Macho. Umeniomba nisikutaje jina, halafu mumeo umemtaja mpaka na tai yake. Mama mkwe akifika hapa atameza mate kwanza ndipo aendelee kusoma.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka chai ikanipalia. Niliporudia sikucheka, kwa sababu ndoa ya watu inataka kuvunjwa na tivii. Nisikilize vizuri. Hapo hakuna mtu aliyelala. Kilicholala ni picha.

Gaspar akitaka kumpiga mtu mzima mzima, kichwa hadi viatu, anaisimamisha kamera wima. Kamera haiigeuzi picha, inaiacha imelala vile vile, ila inaandika ndani yake maelezo mafupi kwamba atakayeifungua aisimamishe. Simu ya Audax iliyasoma hayo maelezo ikatii. Tivii yenu haikuyasoma, ikamwaga picha kama ilivyo. Za watu mezani zilitoka sawa kwa sababu hizo alizipiga kwa upana. Ya paroko ilikuwa ya wima, ya keki ya wima, ya mumeo ya wima. Na wewe kwa kuipiga picha tivii ukaibeba ikiwa imelala, ndiyo maana kwenye simu yako haina dawa.

Na hapa lazima nikugombeze. Paroko amelala na maiki, ukasema ufundi. Keki imelala haianguki, ukasema ufundi. Ilipofika zamu ya mumeo, ufundi ukaisha, kikabaki kitanda. Mwanangu, nani analala chali na tai isipinde? Nani anatandika taa za umeme kwenye shuka? Hilo shuka ni pazia la ukumbini, Vaileth alilitundika mwenyewe na alisimama mbele yake na mwenyekiti kuionyesha kazi aliyolipwa. Na ile juisi haikutiwa dawa, ilikuwa imetulia chini ya glasi kama juisi zote za Dar es Salaam. Yule dada wa steshenari alitaka kukuokoa, ukamkatalia.

Ufanye hivi. Kwenye simu yako kuna alama ya skrini kujizungusha, izime. Halafu fungua ushahidi wako, uigeuze simu polepole mpaka juisi ikae chini. Juisi ikishakaa chini, mwangalie mumeo. Ukimaliza kulia, mpigie Gaspar mwambie achukue flashi, azifungue picha za wima kwenye kompyuta, azizungushe moja moja na kuzihifadhi upya, ndipo azirudishe. Mwambie na mie nimesema asimkabidhi mteja flashi kabla hajafanya hivyo, atauza picha na kuua ndoa. Kama Vaileth umeshamtumia meseji, na najua umeshamtumia, mwombe radhi leo.

Kikao cha Jumamosi usikifute. Mzee Ansbert aje, ndizi zipikwe, tivii iwashwe, majirani wale wale waitwe. Waliomwona amelala wamwone amesimama, maana wao tayari wameshaifikisha habari hii mpaka huku kwetu Mtoni.

Ila sijamaliza, na hapa Audax naye avute kiti. Mwanangu, umeniandikia habari ndefu ya Vaileth, lakini kilichokuuma umekitaja mwanzo kabisa ukakipita mbio, ukasema wewe sio mtu wa kulalamika. Ulikaa meza ya mbele na gauni lako unamsubiri. Flashi nzima ya sherehe, wewe na mumeo hamna picha hata moja, na tai uliyomshonea imepigwa pembeni ya mwanamke mwingine. Hiyo inauma hata ikiwa imesimama wima. Ungemwambia usiku ule ule kwamba umeumia, jicho lako lisingekwenda kutafuta kitanda kwenye pazia. Na wewe Audax, kamati imevunjwa, uenyekiti umekwisha. Kamfuate mkeo Mwananyamala mwenyewe, usimtume mtu, na tai uwe umeivaa.

Jumamosi, kabla sahani hazijaguswa, mkeo avae gauni lile na wewe tai ile, Gaspar awapige picha wawili tu, bila malipo, ni deni lake hilo. Ichapeni, muitundike sebuleni juu ya hiyo tivii.

Na ikitokea ikatoka imelala, iacheni hivyo hivyo. Nyie mna ndoa.